Jina la Saba

Donat Nday alifariki Jumamosi, saa tatu na dakika kumi asubuhi, kwenye ghorofa ya sita ya hospitali moja ya Woluwe-Saint-Lambert. Dada yake mkubwa, Thérèse, alikuwa amempa mgongo. Alikuwa akitafuta kijiko kwenye mkoba. Alimletea uji wa mchele ndani ya chupa ya chai, na kijiko kilikuwa kimebaki nyumbani Schaerbeek, juu ya meza. Alipogeuka kumwambia kwamba atakwenda kuomba kijiko kwa wauguzi, aliona macho ya ndugu yake yanatazama taa ya dari bila kupepesa, akajua. Alifunga chupa. Aliukaza mfuniko mpaka mwisho, kisha akabonyeza kengele.

Muuguzi aliyekuja alimshika bega na kumuuliza kwa Kifaransa kama kuna mtu wa familia wa kuitwa.

"Hakuna," Thérèse akajibu. "Niko mimi tu."

Kwa Brussels ilikuwa kweli. Donat hakuwa na mtoto, na mke wake alikuwa amemwacha miaka mingi nyuma. Lakini nyumbani Kongo kulikuwa na mama yao, maman Mauwa, mwenye miaka sabini na minne, na wajomba, na mashangazi, na wote hao hawakujua hata kwamba Donat alikuwa mgonjwa. Walijua yuko Ulaya kwa misheni ya kilimo. Ndivyo alivyowaambia mwezi wa pili alipopanda ndege, na Thérèse aliitunza siri hiyo kwa miezi mitatu, akitoka kazini na kupanda tramu ya namba saba mpaka Montgomery, kisha metro mpaka Alma, akipita mbele ya wale wanajeshi wenye bunduki waliokuwa wakisimama kwenye milango ya metro tangu mabomu ya mwezi wa tatu.

Sababu ya siri ilikuwa serikali. Mwaka ule wa 2016 majimbo makubwa ya Kongo yalikuwa yamekwisha kukatwa vipande, na jimbo jipya la kwao, lenye wilaya tano, zile zinazoitwa territoire, lilikuwa limepata gavana. Gavana alikuwa akiunda serikali yake. Katiba ilimpa mawaziri kumi, wasizidi, na waliotaka walikuwa mamia. Donat, ingénieur wa kilimo, aliyetembea vijiji vya kwao kwa pikipiki miaka ishirini akifundisha watu kupanda mihogo isiyooza, alitaka kuwa mmoja wa wale kumi kuliko alivyotaka kupona.

Mara moja, katika siku zake nzuri, alimchorea Thérèse, yaya wake kama kwao wanavyomwita dada mkubwa, hesabu nzima nyuma ya karatasi ya chakula ya hospitali. Alipiga mistari ikawa vyumba kumi.

"Angalia, yaya. Baministre kumi. Territoires tano. Kila territoire mbili mbili, hapo hakuna muntu atalia. Bon. Lakini bamama je? Inafaa bafike batatu. Na parti ya gouverneur, nayo iko na bantu yake. Na bale badéputé ba bunge benye kumuchagula, nabo banangoja." Aliandika, akafuta, akaandika tena. "Kwetu tuko na badéputé batatu. Zile kura tatu gouverneur hawezi kuziacha. Njo maana Agriculture itakuja kwetu. Na kwetu, muntu mwenye diplôme ya ile kazi ni mimi peke."

"Na kama bakijua uko mugonjwa?"

"Mugonjwa habamuwekake kwa liste. Banasema, huyu atatuachia kiti wazi."

Kwa hiyo kila alipopaswa kuongea na watu wa gavana kwa Skype, Thérèse alimkalisha kitandani, akamvalisha shati, tai na koti juu ya nguo ya hospitali, akatundika shuka ya buluu nyuma yake ili mpira wa dawa usionekane. Donat aliongea dakika kumi kwa sauti ya mtu mzima na mwenye nguvu. Simu ikikatika, alilala na koti lake na kusinzia mpaka jioni, na Thérèse hakuthubutu kumvua asije akamwamsha.

Asubuhi hiyo ya Jumamosi walimpa Thérèse karatasi za kusaini, akasaini. Walimwambia kwamba Jumatatu ni mapumziko ya Pentekoste, ofisi za commune, yaani manispaa, zitafungwa, mambo mengine yataendelea Jumanne. Akasema sawa. Alirudi Schaerbeek, akapanda ngazi mpaka ghorofa ya tatu, akalala juu ya kitanda na viatu miguuni.

Simu ndiyo iliyomwamsha. Ilikuwa saa tisa mchana, na ilikuwa ikitetemeka juu ya kabati bila kupumzika, mpaka ikajisukuma ukingoni na kuanguka kwenye zulia. Aliiokota. Ujumbe arobaini na tatu. Wa kwanza ulikuwa picha ya televisheni, imepigwa kwa upande, na mkono wa mtu ukionyesha mstari wa saba kwa kidole. Kilimo, Uvuvi na Ufugaji: Bwana Nday Kisimba Donat.

Alisoma majina yote kumi, kuanzia la kwanza mpaka la mwisho. Alihesabu wanawake: walikuwa wawili tu. Akawaza kwamba Donat alikosea hapo. Kisha simu ikaita mkononi mwake, na ilikuwa ni mama yao.

"Thérèse! Unasikia? Unasikia makelele?"

"Ninasikia, maman."

"Bamama ba chorale bote beko hapa! Banaleta na bangoma! Donat eko wapi? Telefone yake haipite."

"Analala, maman."

Ndilo neno lililokuja. Hakulichagua.

"Analala saa tisa? Ministre analala saa tisa!" Maman Mauwa akacheka, akawageukia wenzake akawaambia, nao wakacheka wote pamoja, kisha wimbo ukaanza tena na simu ikabaki wazi. Thérèse alikaa akisikiliza. Alisikia vigelegele, alisikia miguu, alisikia sauti ya mama yake ikipanda juu ya zote, imekauka kidogo kwa uzee. Dakika nne na nusu. Alijua kwa sababu simu ilikuwa ikihesabu. Kisha mtu akaikata.

Alingoja kilio kije. Alikuwa amewaona watu wengi wakilia, kazini na kanisani, na alifikiri ni kitu kinachokuja chenyewe, kama chafya. Hakikuja. Aliosha ile chupa ya chai. Uji ulikuwa umeganda chini, ikambidi atumie mpini wa mwiko.

Siku ya pili, Jumapili, alikwenda kazini. Alikuwa akifanya kazi katika nyumba ya wazee, akiwaosha, akiwavalisha na kuwalisha, na zamu yake ilikuwa imeandikwa tangu mwisho wa mwezi uliopita. Alifanya kila kitu kama kawaida, ila saa nne mwenzake Kasoki, mama wa Butembo aliyefanya kazi naye miaka sita, alimkuta amepiga magoti mbele ya mzee mmoja akimvalisha soksi ya tatu juu ya nyingine mbili.

"Thérèse. Uko na nini?"

"Ndugu yangu alikufa jana."

Kasoki akaitoa ile soksi polepole kutoka mkononi mwake. "Donat? Ule mwenye walisema kwa WhatsApp amekuwa ministre?"

"Eh."

"Mungu wangu. Na mama yako anasema nini?"

"Mama anacheza," Thérèse akasema.

Kasoki akaikunja ile soksi. Kisha akamwambia kwa sauti ya chini, kama mtu anayeongea na mgonjwa: "Umwambie leo. Usilale na hiyo neno."

Thérèse akasema ndiyo. Aliporudi nyumbani, simu zilikuwa bado zinaingia. Watu ambao hawakumpigia tangu alipoondoka Kongo walimwita dada wa waziri. Mmoja alitaka mpwa wake aajiriwe kuwa dereva, mwingine alitaka kazi ya katibu. Aliwajibu wote: asante, nitamwambia. Mama yao hakupiga siku hiyo kwa sababu alipelekwa kanisani kushukuru, na Thérèse naye hakumpigia.

Jumatatu asubuhi ilipiga namba ya Ubelgiji asiyoijua.

"Yaya Thérèse? Mimi naitwa Aristote, conseiller wa gouverneur. Niko Bruxelles tangu jana. Gouverneur alinituma nimutafute Excellence, juu ya karatasi. Bote kumi inafaa bakuwe kule jeudi, siku ya vote."

Walipatana saa sita kwenye mkahawa mmoja ndani ya Galerie d'Ixelles. Salon za nywele zilikuwa wazi ijapokuwa ni sikukuu, na wanawake walikuwa wamekaa mpaka kwenye njia ya kupita, vichwa nusu vimesukwa. Aristote alikuwa mtu wa miaka arobaini hivi, mnene kidogo, mwenye miwani na faili ya kijani. Alisimama kumsalimia kwa mikono miwili. Alikuwa amekwisha kumwagizia sahani ya ndakala, wale samaki wadogo, na ndizi za kukaanga.

"Excellence atafika saa ngapi?" akauliza.

"Hatafika. Alikufa samedi."

Alisema hivyo akiwa anavuta kiti. Aristote aliweka kikombe chake mezani kando ya kisahani. Akavua miwani. "Professeur Donat?" akasema. "Alinifundishaka première année kwa institut ya kilimo. Ni yeye alinifundisha kupima udongo." Akalia kweli, machozi yakimshuka mpaka kwenye ndevu, akajifuta kwa karatasi ya mkahawa. Thérèse alimwangalia kwa wivu kidogo. Mtu huyu aliyemjua Donat mwaka mmoja alikuwa na machozi.

Aristote akavaa miwani tena. Akavuta faili karibu, akauliza: "Saa ngapi?"

"Nini saa ngapi?"

"Alikufa saa ngapi?"

"Neuf heures dix. Asubui."

"Gouverneur alisaini onze heures." Akaigusa faili yake. "Donc alisainia muntu mwenye alishakufa. Nani anajua?"

"Mimi, bamuganga, na rafiki moja wa kazi."

"Kule?"

"Hakuna."

Aristote akasogeza kiti karibu. Sauti yake ilibadilika, lakini haikuwa ya ukatili. Ilikuwa ya mtu aliyerudi kwenye kazi anayoijua. Akamweleza. Bunge la jimbo lilikuwa na wabunge ishirini na wanne, na gavana alihitaji kura kumi na tatu ili serikali yake ipite siku ya Alhamisi. Alikuwa na kumi na nne. Tatu kati ya hizo zilikuwa za territoire ya kina Donat.

"Ukitosha jina moja kwa liste, yaya, yote kumi inaanza kutembea. Bale ba territoire ya jirani, tangu zamani banataka Agriculture. Bakisikia iko wazi, banaomba. Badéputé benu batatu banakasirika. Parti ya pili inasema, bon, kama munafungua liste, tufungue yote. Jeudi serikali inaanguka mbele ya kuzaliwa." Akapumua. "Siku tatu tu. Jeudi banapiga kura, juu ya yeye tunasema alikosa ndege, na bote kumi banakuwa baministre kwa sheria, na yeye ndani. Vendredi unatangaza kifo. Atarudia kwao na drapeau juu ya sanduku. Fanfare itapiga. Gouverneur mwenyewe atakuja aéroport. Ukisema leo, ni muntu tu mwenye alikufiaka Ulaya."

"Acte de décès, karatasi ya kifo, iko na tarehe."

"Yaya. Nani kule atasoma karatasi ya commune ya Bruxelles?"

Thérèse aliangalia nje. Msusi mmoja alikuwa akichoma ncha za nywele za bandia kwa moto wa kibiriti, moja moja. Alijaribu kufikiria sanduku lenye bendera. Alijaribu kufikiria pia sanduku lisilo na bendera. Yote mawili yalikuwa mbali sawasawa, kama vitu vya familia nyingine.

"Bon," akasema.

"Bon?"

"Bon. Vendredi."

Aristote akamshika mkono kwa mikono yake yote miwili na kumshukuru. Akaomba picha ya Donat, picha nzuri, ya tai, kwa ajili ya ukuta wa serikali, na Thérèse akamtumia moja iliyopigwa mbele ya shuka ya buluu. Kisha akala ndakala zote. Alikuwa hajala tangu Ijumaa. Alikula mpaka vichwa, akajifuta vidole, na ni kwenye basi la kurudi tu alipowaza kwamba labda haikufaa kumaliza.

Jumanne alikutana na bwana wa mazishi, ambaye angeandikisha kifo kwenye commune. Bwana huyo alimuuliza kama mwili utazikwa Ubelgiji au utasafirishwa.

"Nitakuambia vendredi," Thérèse akasema.

Alipewa vitu vya Donat ndani ya mfuko wa plastiki wenye kamba: simu iliyozimika, miwani ya kusomea, koti, tai, na ile karatasi yenye vyumba kumi. Aliuweka mfuko nyuma ya mlango.

Saa kumi na mbili jioni maman Mauwa akapiga. Safari hii hakukuwa na nyimbo. Sauti yake ilikuwa ya chini na ya haraka, sauti ya mtu mwenye mipango.

"Thérèse, usimuite Donat, najua eko na mambo mingi. Ni wewe nataka. Bantu ba protocole balikuja. Banasema familia ya kila ministre iko na viti, jeudi, ndani ya Assemblée. Mimi niko ligne ya kwanza. Constant atanipeleka na motokari." Constant alikuwa mdogo wa marehemu baba yao, inspekta wa shule mstaafu, aliyekaa nyumba moja na mama yao. "Nguo ninapata. Kitambaa cha kichwa ninapata. Kuko neno moja tu sijui, na Constant hajui. Bakiita jina yake, nisimame, ao nibakie kwa kiti?"

Thérèse alifungua mdomo ili amjibu. Alikuwa anakwenda kusema: simama kidogo, kisha ukae. Ndilo lilikuwa jibu. Akamwona mama yake akisimama. Akaona kile kitambaa cha kichwa, na watu wa safu ya pili wakimtazama, na yeye akigeuka kuwaonyesha uso. Haikuwa huzuni aliyoisikia; ilikuwa ni kama mtu aliyejumlisha namba na kuona kwamba jumla haiwezekani.

"Maman, kaa chini."

"Donc nisisimame?"

"Hapana. Kaa chini sasa. Uko na nani?"

"Niko na Constant. Thérèse, kuko nini?"

"Ulishakaa?"

"Ninakaa."

"Donat alikufa, maman."

Kwa upande wa pili alisikia redio ya mtu, mbali, na jogoo. Kisha mama yake akauliza, polepole: "Siku gani?"

"Samedi. Asubui. Alikuwa mugonjwa tangu mwezi ya pili. Alikatala niseme."

"Samedi asubui." Maman Mauwa alikuwa akihesabu. "Mimi samedi saa tisa nilicheza."

"Ndiyo, maman."

"Ulinisikia."

"Nilikusikia."

"Ulisikia nacheza juu ya mutoto wangu, ukaniacha nicheze."

Thérèse aliuangalia ule mfuko nyuma ya mlango. Akasema tena ndiyo, maman. Simu ikaanguka, kukawa na sauti za viti, na mwanamke mmoja akapiga kelele ndefu ambayo haikuwa ya mama yake. Mama yake hakusikika kabisa. Baada ya muda sauti ya Constant ikaja kwenye simu.

"Thérèse. Ni kweli?"

"Ni kweli, tonton."

Constant akalia. Alimwita Donat kwa jina la utoto, alisema yeye ndiye alimfundisha kusoma, alisema Mungu hana haraka na wazee. Thérèse alimsikiliza mpaka pumzi yake ikatulia. Kisha Constant akauliza: "Bantu ba gouverneur banajua?"

"Aristote anajua. Tangu jana."

"Bon." Thérèse alisikia mlango ukifungwa, na vilio vya nyumba vikawa vidogo. "Bon. Umwambie Aristote asisaini kitu mbele ya mimi kumupigia. Ile kiti ni ya kwetu. Unasikia? Ni ya kwetu."

Aristote alipiga Jumatano asubuhi kutoka uwanja wa ndege. Hakumwita yaya.

"Ulisema bon."

"Nilisema."

"Mimi nilimupigia gouverneur, nikamwambia mambo iko calme. Juu ya nini ulisema bon?"

"Sijui," Thérèse akajibu, na ilikuwa kweli.

Mpaka jioni orodha ilikuwa imetembea, kama Aristote alivyosema, lakini haikuanguka. Ilikuja tena kwa WhatsApp, imepigwa picha tena kwenye televisheni. Majina tisa yalikuwa yaleyale. Kilimo kilikuwa kimekwenda kwa territoire ya jirani, kwa mtu mmoja mwenye duka la dawa. Wa duka la dawa alikuwa ameachia Vijana, Michezo na Utamaduni. Na Vijana, Michezo na Utamaduni, ambayo sasa ilikuwa kwenye mstari wa saba, alipewa Constant, mwenye miaka sitini na nane.

Alhamisi Thérèse aliitazama sherehe ya bunge kwa simu, wakati wa mapumziko, amekaa kwenye chumba cha kubadilishia nguo pamoja na Kasoki. Wabunge walisimama dakika moja kwa ajili ya Donat. Haikufika dakika, Kasoki alihesabu sekunde ishirini na mbili. Kisha wakakaa, gavana akasoma programu yake, na kura zikapigwa: kumi na nne. Kamera ilipita kwenye viti vya familia. Safu ya kwanza ilikuwa na kiti kimoja kitupu, na aliyekaa kando yake alikuwa ameweka mkoba wake hapo.

"Unataka nizime?" Kasoki akauliza.

"Hapana, acha. Bado banapiga picha."

Ijumaa Constant alimtumia ujumbe mfupi: mama amesema mumzike huko huko. Hakusema zaidi. Thérèse alimpigia mama yake mara tano siku hiyo, na mara tano simu ilipokewa na mtu mwingine aliyesema kwamba maman analala.

Wakamzika Donat Jumamosi, wiki moja baada ya kufa kwake, kwenye makaburi ya Schaerbeek, ambayo kwa kweli yako Evere. Walikuja watu kumi na wanne. Kasoki alikuja na mume wake. Walikuja wa parokia, na watatu wa chama cha watu wa jimbo lao, waliovaa suti. Mwenyekiti wao alitoa hotuba. Alianza "Excellence", akasita, akasema "pardon, ingénieur", akaendelea. Mvua ilinyesha kidogo, ikaacha. Thérèse alitupa udongo wake. Ulikuwa wa njano na mzito, na alijikuta anausugua kwa vidole, akijaribu kukumbuka ni mimea gani inakubali udongo wa namna ile. Donat angesema bila kufikiri.

Baadaye walikula kwake. Wali, kuku, sombe ya majani ya mihogo aliyopika Kasoki. Watu waliongea juu ya orodha. Kila mmoja alikuwa na hesabu yake: territoire fulani imepata tatu, territoire fulani imepata moja tu, wanawake walipaswa kuwa wengi. Thérèse aliwapitishia pilipili. Walipoondoka aliosha vyombo, na Jumapili akaenda kazini.

Mama yao hakuongea naye mwaka ule wote. Thérèse aliendelea kupiga kila mwezi, na kila mwezi alijibiwa kwamba maman yuko shambani, maman yuko kanisani, maman anaoga. Hakulalamika. Alikuwa ameanza kufikiri kwamba yeye naye, kwa namna fulani, alikuwa amefungiwa ndani ya ile wiki, na kwamba watu wa nje walikuwa na haki ya kumpita.

Serikali ile haikudumu. Mwezi wa nne wa mwaka uliofuata wabunge walimwondoa gavana, na mawaziri kumi wakaondoka naye. Jumapili moja saa nne asubuhi Constant akampigia.

"Ulisikia?"

"Nilisikia, tonton. Pole."

"Miezi kumi na moja. Bureau yangu ilikuwa nyuma ya dépôt ya chumvi, Thérèse. Nilipeleka ballon ya football kwa mashule makumi matatu. Ballon tu, njo kitu nilifanya." Akakohoa. "Sasa kuko gouverneur mupya. Anaunda. Banasema kwetu tutapata Mines." Alikuwa anaendelea, lakini mtu alimnyang'anya simu. Thérèse alisikia ubishi mdogo, kisha pumzi.

"Thérèse."

"Maman."

"Kule mulimulalisha kuko namna gani?"

Thérèse alikuwa jikoni, amesimama. Akakaa.

"Kuko miti, maman. Mirefu. Kuko barabara ndogo ya mawe. Upande moja kuko mama wa Pologne, muntu mukubwa, banamuletea maua kila mara. Upande ya pili bado hakuna muntu."

"Kuko mbali na kwako?"

"Bus moja. Dakika makumi mbili."

"Unaendaka?"

"Kila dimanche, kiisha misa."

"Unamwambia nini?"

"Siseme kitu, maman. Ninatosha majani yenye kuangukia juu yake."

Thérèse alimsikia akivuta kiti, akikaa, akihangaika na simu kana kwamba anaihamisha kutoka sikio moja kwenda jingine.

"Leo utaenda?"

"Leo niko na kazi saa nane. Lakini ninaweza kupita kwanza."

"Pita. Ukifika pale, unipigie. Nitakaa hapa."

"Nitakupigia, maman."

Simu ikakatika. Thérèse akabaki mezani kidogo, aone kama kile kilio kitakuja. Saa ya ukutani ilikuwa inasema saa nne na nusu, na basi la Evere lilikuwa linapita kila baada ya dakika kumi na tano. Akainuka kutafuta viatu.